Hoteli ya Vyakula Vinne Karibu na Soko la Kibuye

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mteja wa hoteli moja ndogo iliyo karibu na soko la Kibuye, Kisumu, tangu enzi ambapo ubao wake ulijaa majina ya vyakula zaidi ya thelathini, na nusu ya hivyo, ukiviagiza, uliambiwa vimekwisha. Siku hizi ubao una vinne tu: ngege (samaki aina ya tilapia) wa kukaanga, ngege wa mchuzi, omena (dagaa), na ugali kwa mboga za kienyeji.

Kilichonivutia zaidi ni saa za kazi. Mwenye hoteli alinieleza kwamba awali wafanyakazi wake walifika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa mbili usiku, wakikanda unga wa maandazi ambayo mengi yalilala kabatini. Sasa hufika saa mbili na kufunga saa tisa, siku sita, yaani saa 42 kwa wiki badala ya 84, ilhali amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inataja saa 52. Mshahara haukupunguzwa, kwa kuwa makaa, mafuta na chakula kilichokuwa kikimwagwa ndivyo vilivyokuwa vikila faida. Mwaka 1930 mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alibashiri kwamba baada ya miaka mia moja watu wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki; Kibuye hatujafika huko, ila kupunguza nusu kwa kuacha maandazi yasiyonunuliwa si jambo dogo.

Mhudumu huleta ngege wabichi kwenye sinia ili uchague wako, kisha huuliza ukubwa wa ugali kabla maji hayajachemka, hivyo sahani hurudi jikoni na miba tu. Ngozi ya samaki ilikuwa kavu, ikivunjika chini ya kidole, na nyama ndani bado ina majimaji yake. Omena, kwa bahati mbaya, walikuwa na mchanga.

Dosari nyingine ni chai, ambayo haiuzwi kabisa. Nilipofika juzi saa tisa na robo nikakuta mlango umefungwa, nikaenda kuinywa kwa jirani, ambako msichana aliyenimiminia alikuwa amesimama tangu alfajiri na bado alikuwa na saa tano mbele yake.