Fundi wa viti mwendo Mbagala, na Hiace iliyonirudisha nyumbani

Bega la kulia lilianza kuniuma mwezi wa tatu. Nikadhani ni cherehani, maana nashona tangu asubuhi. Kumbe ni kiti mwendo changu, hiki cha magurudumu. Nilikipata kwenye ugawaji wa msaada: tulipanga foleni, tukakabidhiwa, mtu hakupimwa. Ni cha chuma, cha kukunja, magurudumu ya nyuma ni ya inchi 24, na ni imara kweli. Ila kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya mtu mrefu kunizidi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanielekeza kwa mzee anayetengeneza viti mwendo uani kwake, Mbagala.

Shikamoo, marahaba, na kabla hajashika spana akasema, "Mwanangu, shusha mikono, iache ining'inie." Ncha ya kidole cha kati inatakiwa ifike usawa wa ekseli, yaani chuma cha katikati ya gurudumu la nyuma. Kwangu ekseli ilikuwa nyuma ya kidole kwa upana wa vidole vinne, kwa hiyo kila nikisukuma nilikuwa naurudisha mkono nyuma kupita kiasi, siku nzima. Akaisogeza ekseli mbele matundu mawili. Kiti kikawa chepesi hadi nikashtuka. Hapo akanionya: ekseli ikija mbele, kiti nacho kinapinduka kinyumenyume kwa urahisi, hasa unapopanda kilima na mkoba ukiwa umetundikwa mgongoni mwa kiti. Akasimama nyuma yangu, mikono tayari kudaka, nikapanda ubao wake wa mteremko mara tatu. Mkoba wangu wa vitambaa siku hizi naupakata.

Kisha akahamisha breki, jambo ambalo wengi wanalisahau. Gurudumu likisogea na breki ikabaki palepale, utaivuta hadi mwisho na tairi litaendelea kuzunguka. Upepo ukipungua ni hivyohivyo, kwa hiyo sasa nabonyeza tairi kila asubuhi kabla sijahama kitandani.

Kwenye kanyagio, zile sehemu za kuwekea nyayo, alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Zilikuwa chini mno, miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unanikata chini ya mapaja. Akazipandisha kidogo, akaomba ruhusa, akapitisha kiganja chini ya paja, akazishusha tena kwa unene wa kidole. Zikipanda sana magoti yanainuka, uzito wote unahamia makalioni, na sisi tusiohisi vizuri huko chini tunajua vidonda vinavyoanza. Akapima pia kutoka kanyagio hadi ardhini: zisipungue sentimita 5, la sivyo kila jiwe la mtaani litakuwa lako. Karibu saa tatu za kazi, shilingi 35,000. Sijawahi kutoa hela kwa moyo mweupe namna ile.

Kurudi ndiko nilikokuwa nakuogopa. Mwaka jana konda mmoja alikirusha kiti changu kwenye keria ya daladala, kikashuka kanyagio limepinda. Mzee akampigia dereva mwenye Hiace ya paa refu, yenye reli zilizofungwa kwa bolti sakafuni. Swali la kwanza la dereva: "Dada, unaweza kuhamia kiti cha gari?" Ndilo swali sahihi, maana kiti cha gari kimeundwa kuhimili ajali, hiki changu hakikuundwa hivyo. Siku nyingine huwa nahama, kiti kinakunjwa na kufungwa kwa mkanda kisije kikaruka gari likipiga breki ya ghafla. Siku ile bega lilikataa.

Akaniweka nikiangalia mbele, si ubavu kama nilivyowahi kupangwa kwenye magari mengine. Mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma. Kijana wake akatundika ndoano kwenye sehemu ya kuwekea mkono, dereva akaitoa: "Hapo panachomoka." Akaihamishia kwenye fremu yenyewe, palipochomelewa, akakaza, akakishika kiti na kukitikisa kwa nguvu. Hakikucheza. Mkanda wangu mimi ukapita chini, juu ya mifupa ya nyonga, ndani ya sehemu za kuwekea mikono. Ule mkanda mwembamba uliokuja na kiti ni wa kukaa vizuri tu, usiutegemee barabarani. Matuta yote ya Barabara ya Kilwa nilikaa nimetulia.

Lakini sehemu ile ya gari haina mkanda wa begani, ni wa nyonga peke yake. Nilimwambia, akakubali ni upungufu na kwamba anautafuta. Mpaka aufunge, mzee nampa nyota tano, dereva nne.

Gari liagize siku moja kabla. Kwa mzee nenda na mto unaokalia na viatu unavyovaa kila siku, kwa sababu vyote viwili vinabadilisha kipimo cha kanyagio. Mimi nilienda na kandambili, ikabidi nirudi tena Jumamosi.