Sanduku la Lenzi Nililomnunulia Mpwa Wangu: Uzoefu Wangu wa Miezi Mitatu

Nilinunua sanduku hili la vifaa vya kujifunzia mwanga kwa shilingi 85,000 kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, likaletwa Tanga kwa basi, nami nikalipokea stendi likiwa limefungwa vizuri. Nililikusudia kwa mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa amekariri kanuni zote za lenzi bila kuwahi kuiona taswira ikitua kwenye karatasi. Ndani mna lenzi mbinuko (nene katikati) tatu zilizoandikwa urefu wa fokasi wa sentimita 10, 15 na 20, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale inapoikusanya miale sambamba, lenzi mbonyeo (nyembamba katikati) moja, kipande cha kioo cha mstatili, pini, taa ndogo ya betri, skrini nyeupe, na reli ya mbao ya mita moja yenye vipimo.

Kipande cha kioo ni kizuri bila shaka yoyote. Mpwa wangu aliuelekeza mstari wa mwanga uingie kwa nyuzi 30, akachomeka pini zake kwa utulivu, na alipopima mstari uliopita ndani ya kioo akapata nyuzi 19 na nusu. Alipogawanya sine ya pembe ya kwanza kwa sine ya pembe ya pili, jibu lilikuwa 1.5, maana yake mwanga hewani huenda kasi mara moja na nusu kuliko ndani ya kioo kile, na kupungua huko kwa kasi ndiko kunakoupinda. Vitabu vingi huipa kanuni hii jina la Snell, Mholanzi wa karne ya 17, lakini Ibn Sahl alikwisha kuitumia Baghdad mwaka 984 alipokuwa akichunguza umbo la lenzi. Na kwa kuwa Waarabu huiita lenzi kwa jina lile lile la punje ya adesi, kijana wa pwani hahitaji picha nyingine ili akumbuke umbo la lenzi mbinuko.

Tatizo lilijitokeza kwenye lenzi. Njia rahisi ya kupima urefu wa fokasi ni kuchukua kitu kilicho mbali sana, kwa sababu miale yake hufika ikiwa karibu sambamba na kukutana kwenye fokasi. Tulikwenda kwa jamaa yetu Raskazone, hapa hapa Tanga, katika chumba kinachotazama bahari, tukafunga madirisha yote isipokuwa moja, kisha tukaielekeza lenzi kwenye Kisiwa cha Toten. Kwenye karatasi kisiwa kilitokea kidogo kama ukucha, kimegeuka juu chini na rangi zake zote zikiwepo, na ngalawa iliyokuwa ikielekea kulia ikapita kwenye karatasi ikielekea kushoto, tanga lake likiwa chini. Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu akiitazama. Lenzi ya 10 ilitoa taswira kali kwenye sentimita 10, na ile ya 20 kwenye 20. Lenzi iliyoandikwa 15 nayo ilitoa taswira kwenye 20.

“Mjomba, hii namba si yake,” alisema.

Sikutaka kumlaumu muuzaji kwa kipimo kimoja. Usiku tuliiweka taa sentimita 40 mbele ya lenzi ile. Kama fokasi ingekuwa 15, taswira ingetua sentimita 24 nyuma yake. Ilitua kwenye 40, ikiwa na ukubwa sawa na taa yenyewe, jambo linalotokea pale tu kitu kinapokaa mara mbili ya urefu wa fokasi. Nilimwandikia muuzaji nikiambatanisha picha. Alijibu kwa adabu kwamba vibandiko hubandikwa kiwandani, na hadi leo lenzi mbadala haijafika. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu mwanafunzi asiye na mtu wa kumsimamia angefanya hesabu zake sawasawa, akapata jibu lisilolingana na kibandiko, kisha akaamini kwamba amekosea yeye.

Lenzi mbonyeo ni safi, ingawa haitoi taswira kwenye skrini na mtoto lazima aelezwe hivyo mapema. Vishikio vya plastiki hulegea. Tumevikaza kwa mpira wa baiskeli.

Jaribio lililotufurahisha zaidi halimo kwenye karatasi ya maelekezo. Tuliishika lenzi ya 10 sentimita tano juu ya sarafu, ikaonekana kubwa mara mbili. Tulipozamisha vyote kwenye karai la maji, ukuzaji ule ukatoweka karibu wote, kwa kuwa maji hayatofautiani sana na kioo katika kuupinda mwanga, na urefu wa fokasi huongezeka hadi karibu sentimita 40. Ndiyo sababu hiyo hiyo mzamiaji huona ukungu akifumbua macho baharini, na huona vizuri akivaa miwani ya kuzamia, kwani uso wa jicho hurudi kukutana na hewa.

Ningelinunua tena kwa bei hiyo. Anayelitaka alipime kabla ya kumkabidhi mtoto, na dirisha lolote lenye mandhari ya mbali linatosha. Kibandiko cha zamani tumekibandua, na mpwa wangu ameandika 20 kwa mkono wake, na tarehe ya siku aliyopima.