Bango la ukutani la magavana wa Nigeria na vyama vyao: zuri kulitazama, ila halina tarehe

Nimelinunua mtandaoni hili bango kubwa la ramani ya Nigeria, lina majimbo yote 36, kila jimbo lina picha ya gavana wake na limepakwa rangi ya chama chake, na kwa kuwa naona watu wanaofuatilia siasa za Afrika Magharibi na walimu wa uraia wanaulizia sana mabango ya aina hii nimeona niandike kirefu kidogo. Mchapishaji simtaji.

Kwanza sifa zake maana lina sifa za kweli. Karatasi nzito, imepigwa laminesheni vizuri, maandishi unayasoma ukiwa umekaa upande wa pili wa chumba, na majina ya makao makuu ya majimbo yote yako sahihi, Asaba, Uyo, Awka, Yenagoa, Gusau, sijaona hata moja lililokosewa. Pembeni wameweka kajedwali ka majimbo yalivyoongezeka, 12 mwaka 1967, 19 mwaka 1976, 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991 na 36 mwaka 1996, na hako peke yake kanamsaidia mwanafunzi kuelewa kwa nini hii nchi ina magavana wengi hivi.

Kitu nilichokipenda zaidi ni alama za vyama. APC ufagio, PDP mwavuli, APGA jogoo, zimechorwa kubwa tena kwa rangi zake. Kuna watu wataona ni mapambo tu, hapana, Nigeria alama ndio kila kitu, kwa sababu karatasi ya kura ya kule haina jina la mgombea wala picha yake, ina alama na kifupi cha jina la chama basi, mpiga kura anaweka dole gumba kwenye ufagio au kwenye mwavuli. Na mgombea binafsi haruhusiwi, lazima upitie chama. Kwa hiyo mtu akisema nimempigia kura gavana fulani, kwenye karatasi alichokigusa ni mwavuli. Lishike hili maana ndio linanifanya nililaumu bango.

Lawama yenyewe ni hii, hakuna tarehe. Nimegeuza mbele nyuma, nimetafuta kwenye kona zote, hakuna mwezi hakuna mwaka, kuna maneno tu "magavana wa sasa". Sasa wa lini? Ikabidi nikae nipige hesabu mwenyewe kwa kuangalia sura. Edo yupo Monday Okpebholo wa APC, na huyu aliapishwa Novemba 2024, kwa hiyo bango limechapwa baada ya hapo. Delta yupo Sheriff Oborevwori na mwavuli wa PDP, na huyu alihamia APC Aprili 2025, basi limechapwa kabla ya hapo. Yaani ni bango la miezi michache ile katikati, na bado linauzwa kama la leo!

Na haijabaki Delta peke yake. Juni 2025 Umo Eno wa Akwa Ibom akaenda APC, Oktoba akafuata Peter Mbah wa Enugu, Novemba Douye Diri wa Bayelsa. Majimbo manne haya PDP ilikuwa inashikilia ugavana tangu 1999, gavana hadi gavana, na ndani ya mwaka mmoja yote yakabadilika rangi bila mwananchi hata mmoja kupiga kura. Delta ndio inashangaza kabisa, aliyemtangulia Oborevwori ni Ifeanyi Okowa, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais wa PDP mwaka 2023, na wote wawili wamehama pamoja. Kwenye bango langu majimbo hayo manne ya kusini ni miavuli tu imejipanga, mwanafunzi akilisoma atakuambia PDP ina ngome imara kusini, na atakuwa amesoma sawasawa kilichoandikwa.

Kuna mtu ataniuliza kwani mchapishaji afanye nini, siasa zinabadilika kila siku. Ni kweli zinabadilika, lakini namna zinavyobadilika kule inajulikana na ingeweza kuchorwa. Katiba ya 1999 inasema mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti, isipokuwa chama chake kimepasuka au kimeungana na kingine, hiyo ni kifungu cha 68 kwa bunge la taifa na cha 109 kwa mabunge ya majimbo. Kwa gavana hakuna kifungu cha namna hiyo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho kule Abuja iliamua kwamba Dave Umahi wa Ebonyi, aliyetoka PDP kwenda APC Novemba 2020, aachie ngazi kwa kuwa kura zilikuwa za chama, ila Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu na jamaa akamaliza muhula wake. Huku nyuma 2007 Mahakama ya Juu ilishasema kura ni za chama, ndivyo Rotimi Amaechi alivyopewa ugavana wa Rivers wakati hata hakusimama kwenye uchaguzi ule, PDP ilikuwa imemsimamisha mtu mwingine, mahakama ikasema mgombea halali alikuwa Amaechi na chama kimeshinda basi kiti ni chake. Ukiziweka hizo mbili pamoja unapata kwamba siku ya kura ushindi ni wa chama, na baada ya kiapo gavana anaweza kuubeba akaondoka nao. Hili mimi linaniuma, na nadhani mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni juani kupiga kura litamuuma.

Ndio maana nasema bango zuri lingekuwa na rangi mbili kwa kila jimbo, moja ya chama alichoshindia na moja ya chama alichopo, na chini tarehe aliyohama. Nafasi ipo, wameijaza maua pembeni.

Angalia Zamfara uone ilivyohitajika. Uchaguzi wa 2019 APC ndio ilipata kura nyingi, lakini Mahakama ya Juu tarehe 24 Mei 2019 ikasema APC haikufanya kura za maoni halali ndani ya chama kwa hiyo kura zake zote ni batili, ushindi ukaenda kwa Bello Matawalle wa PDP siku chache tu kabla ya kuapishwa. Miaka miwili baadaye, Juni 2021, Matawalle huyo huyo akahamia APC, chama kilekile ambacho kufutwa kura zake ndio kulimpa kiti. Naibu wake Mahdi Gusau aligoma kumfuata na Februari 2022 bunge la jimbo likamwondoa. Halafu 2023 wananchi wakampigia Dauda Lawal wa PDP na Matawalle akatoka. Bango linaonyesha Lawal na mwavuli, basi, ukiangalia unaona jimbo la kaskazini lenye PDP na hujui kwamba watu wa Zamfara walisubiri miaka minne kutoa jibu lao.

Bayelsa nayo kisa chake kinafanana na hicho. David Lyon wa APC alishinda Novemba 2019, siku moja kabla ya kuapishwa Mahakama ya Juu ikamfuta sababu ya utata wa vyeti vya mgombea mwenza wake, akaapishwa Diri wa PDP tarehe 14 Februari 2020. Huyu Diri ndiye niliyemtaja juu, sasa yuko APC.

Kosa lingine, na hili halina utetezi wa siasa kubadilika. Kila gavana ameandikiwa "aliapishwa 29 Mei 2023". Wote! Wakati ugavana wa Machi 2023 ulipigiwa kura kwenye majimbo 28 tu. Manane yaliyobaki, Anambra, Bayelsa, Edo, Ekiti, Imo, Kogi, Ondo na Osun, yana kalenda yake, na sababu kubwa ni mahakama. Anambra ndio ilifungua njia, Peter Obi alinyimwa ushindi wake wa 2003, akapambana mahakamani karibu miaka mitatu, akaapishwa 17 Machi 2006, na 2007 ikafanyika uchaguzi mwingine kama vile muda wake umeisha, akaapishwa Andy Uba 29 Mei, haikupita wiki tatu Mahakama ya Juu ikamtoa na kusema miaka minne ya Obi inahesabiwa tangu siku aliyokula kiapo. Ndio sababu mpaka leo gavana wa Anambra anaapishwa tarehe 17 Machi, Charles Soludo wa APGA aliapishwa siku hiyo mwaka 2022. Halafu bango lilelile lenye Okpebholo aliyeingia Novemba 2024 linamwandikia Mei 2023, hapo mhariri hakusoma alichokichapa.

Abuja wameipaka rangi na kuweka picha ya Nyesom Wike kana kwamba ni gavana wa 37. Abuja haina gavana jamani. Ni eneo la mji mkuu wa shirikisho, linasimamiwa na waziri anayeteuliwa na rais, wakazi wake hawamchagui. Tena Wike aliteuliwa 2023, akiwa mtu wa PDP, na rais wa APC, kwa hiyo ile rangi ya mwavuli pale inadanganya mara mbili, inaonyesha uchaguzi ambao haupo na inaonyesha chama ambacho hakitawali pale.

Rivers sitaisema sana. Bango linaonyesha Siminalayi Fubara kawaida, ila tarehe 18 Machi 2025 Rais Tinubu alitangaza hali ya hatari, akamsimamisha gavana na naibu wake na bunge la jimbo kwa miezi sita, akamweka msimamizi, Ibok-Ete Ibas, ofisa mstaafu wa jeshi la majini. Fubara alirudi Septemba. Kwa mchapishaji ni bahati mbaya ya wakati, namwelewa, lakini tarehe moja tu pale chini ingemwokoa.

Kitu walichokosa kabisa ni kueleza mtu anapataje ugavana. Haitoshi kuwa na kura nyingi, unatakiwa pia upate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya halmashauri za jimbo, na mwisho ni mihula miwili ya miaka minne. Mistari mitatu ingetosha. Wangeeleza na kinga, gavana hashtakiwi akiwa madarakani, kifungu cha 308, maana mwanafunzi akilijua hilo anaelewa haraka kwa nini kile kiti kinagombaniwa hadi mahakama ya mwisho.

Lagos nao wangeipa maelezo kidogo. Tangu 1999 ni kundi lilelile la kisiasa, magavana Tinubu (kabla hajawa rais), Fashola, Ambode, Sanwo-Olu, lakini jina la chama limebadilika, AD, AC, ACN, na tangu 2013 APC baada ya vyama kuungana. Ukichora kwa majina utaona vyama vinne, ukiangalia watu ni mstari mmoja. Enugu ni kinyume chake, gavana ni yule yule na chama kimekuwa kingine. Mwalimu mwenye hayo majimbo mawili ana kipindi kizima cha darasa.

Nalipa nyota tatu kati ya tano. Mbili za ubora wa kazi ya mikono, maana kweli limetengenezwa vizuri, na moja ya zile alama za vyama. Anayetaka kujua mipaka na makao makuu anunue bila wasiwasi. Anayetaka kufundishia vyama na magavana aombe kwanza picha ya pembe ya chini kulia aone kama kuna tarehe ya kuchapwa, na aangalie Anambra imeandikwa mwaka gani, ikiwa ni 29 Mei 2023 basi atafute lingine. Na kama umeshalinunua kama mimi, laminesheni yake inakubali kalamu ya kufutika, majimbo manane nimeyaandikia tarehe zake juu kabisa, na Delta, Akwa Ibom, Enugu na Bayelsa nimeyachorea ufagio kando ya mwavuli, mwavuli wenyewe sijaufuta kwa sababu ndio uliopigiwa kura.