Paka ana mba: mafuta ya kununua, na ya kuacha dukani

Halua, paka wangu, alianza kumwaga unga mweupe mgongoni, karibu na mkia. Ukimpapasa, mkono unatoka kama ulioshika chokaa. Bibi wa nyumba ya pili akaniambia, "Mwanangu, mpake mafuta ya nazi." Kijana wa dukani naye akaniuzia chupa yenye picha ya paka anayeng'aa. Havikusaidia vyote viwili, na ile chupa nilipoisoma kwa miwani ndipo nikaona: mafuta ya soya yametangulia, samaki yuko mkiani mwa orodha.

Kabla hujatoa pesa, kuna jambo la bure. Mtandikie kitambaa cheupe, mchane kwa chanuo la meno ya karibu karibu, kisha chembe nyeusi zinazoanguka uzinyunyizie maji. Zikitoa wekundu, hiyo ni damu iliyokwisha pita tumboni mwa kiroboto, na hapo hakuna mafuta ya kunywa yatakayokufaa. Kanunue dawa ya viroboto, tena ya paka. Nyingi za mbwa zina permethrin, sumu ya wadudu, na hiyo huweza kumuua paka. Ukiona mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka manyoya, pengine ni choa, na choa huhamia kwa watoto. Hilo ni la daktari wa mifugo.

Hewa yetu msiisingizie. Nchi za baridi nyumba hupashwa moto mpaka ngozi zinakauka, lakini Unguja hata chumvi mezani inalowa. Mimi huangalia sahani. Paka anayekula wali wa mchuzi asubuhi na jioni hana njaa ya mafuta tu, ana njaa ya nyama, na hakuna kapsuli inayoziba pengo hilo.

Sahani ikiwa sawa, chaguo langu la kwanza ni kapsuli za mafuta ya samaki, zile za duka la dawa la binadamu. Unachonunua humo ni EPA na DHA, omega-3 zinazotuliza ngozi. Mbele ya kopo wataandika 1000 mg kwa herufi kubwa, lakini huo ni uzito wa mafuta yote. Geuza nyuma. Kapsuli ya kawaida huwa na EPA 180 na DHA 120, jumla miligramu 300. Kopo lisilotaja hesabu hiyo lirudishe kabatini.

Halafu uliza. Mimi niliuliza, "Kaka, haya ya samaki au ya ini la samaki?" Muuzaji akacheka: "Dada, si yote samaki?" Si yote. Ya ini yamejaa vitamini A na D, na zikizidi mwili wa paka hauzitoi kwa urahisi, hujilimbikiza. Vitamini A ikipita kiasi kwa muda mrefu huweza kumgandisha mifupa ya shingo, khasa paka ambaye tayari kila siku analishwa maini. Epuka pia yaliyotiwa ladha ya chungwa au sukari za bandia. Paka hayagusi, na baadhi ya sukari hizo si salama kwa wanyama.

Nyumbani toboa kapsuli moja kwa pini, unuse. Harufu ya samaki ni sawa; ikikukumbusha rangi ya kupakia milango, mafuta yameharibika, na kwa joto letu huharibika upesi. Nunua kopo dogo, liweke kwenye friji. Halua ana kilo tatu na nusu. Baada ya kumuuliza daktari nilianza na matone mawili juu ya chakula, nikapanda polepole mpaka nusu kapsuli kwa siku. Choo kikilegea, rudi nyuma. Na usihesabu siku, hesabu wiki: sita mpaka nane ndipo manyoya yanaposema.

La pili, na kwa anayeishi karibu na diko la Malindi, wanakoshusha samaki hapa mjini Unguja, huenda likawa la kwanza, ni vibua au dagaa wabichi wa kuchemsha. Giza la mwezi dagaa huteremka bei. Mbaamwezi wavuvi wa taa hukaa nyumbani, na fungu hupanda. Wachemshe bila chumvi, vibua uwatoe miba. Msiwape bila kuwapika kwa kudhani ndiyo asili yao, kwani dagaa na baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Mara mbili kwa wiki inatosha. Samaki wa mafuta peke yake kila siku humaliza vitamini E mwilini, na mafuta ya chini ya ngozi yakavimba na kuuma. Dagaa wakavu siwahesabu, maana wamechemshwa kwa maji ya chumvi.

Chupa za wanyama za pampu nazipa nafasi ya tatu. Zipo nzuri, zenye EPA na DHA kwenye lebo, ila mengi ya unacholipia ni safari na picha. Samaki wa kopo wanafuata, mradi wawe kwenye maji matupu; sosi ya nyanya mara nyingi huja na kitunguu, na kitunguu ni sumu kwa paka. Dawa za vitamini za kulamba ziko chini yao, sina la kuzisifia.

Nazi na mafuta ya kitani ni mwisho. Nazi nzuri kwenye samaki wa kupaka, lakini haina EPA wala DHA. Kitani kina omega-3 ya mimea, ambayo mwili wa paka karibu haujui kuigeuza iwe ile anayoihitaji.

Mafuta ya karafuu sikuyapanga kabisa. Ini la paka haliwezi kuyavunja vizuri, na akipakwa huyalamba yote. Mjomba wangu wa Wete, ambaye kwake karafuu ni dawa ya jino, tumbo na mbu, mpaka leo hajanisamehe kwa kusema hivyo.