Dodoso la maoni ya siri: linamfaa kiongozi?

Huduma za mtandaoni za dodoso hili, ambapo walio chini ya kiongozi na wenzake humtathmini kwa siri, na wakuu wake nao humtathmini, zina thamani kubwa mikononi mwa anayejua kuzitumia.

Uzuri wake ni kwamba mtu husema asichothubutu kukisema kikaoni. Lakini siri hiyo ni nyepesi. Kundi la watathmini, kwa mfano la wenzake, likiwa na watu chini ya 3, alama zake zisionyeshwe peke yake. Programu nzuri huziunganisha yenyewe na za kundi jingine. Maoni ya maandishi ndiyo hatari zaidi: sentensi moja tu, "kama nilivyosema kwenye kikao cha bajeti", na mwandishi ameshajulikana. Kiongozi akianza kunusanusa nani kaandika nini, dodoso limekufa. Awamu ijayo atapewa 4 kati ya 5 kila mahali.

Kasoro kubwa ni ripoti yenyewe: grafu tele, kisha kiongozi anaachwa nayo peke yake. Aisome, aiweke, airudie kesho yake hasira ikishapoa. Neno kama "hasikilizi" halifanyiki kazi lilivyo, aiulize timu nzima, "Ni wakati gani huwa nawakata kauli?" Achague mambo 2, na ndani ya wiki 2 awaeleze atabadilisha nini, kipi hakitabadilika, na kwa nini. Hilo la kutobadilika wengi hulikwepa, nalo ndilo hujenga imani.

Tunapendekeza dodoso hili kwa timu ya watu 8 na kuendelea. Chini ya hapo, bora mazungumzo ya ana kwa ana.