Asilimia ya makadirio au lita za daftarini?

Kikundi cha wavuvi wa dagaa Mwanza kinachotaka lengo la kupunguza hewa ukaa kina njia mbili. Ya kwanza ni ile ya ahadi ya Tanzania ya 2021 kwa mataifa mengine: kupunguza asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Inaacha nafasi ya kukua. Ila hali hiyo ni ya kukadiria: ukisema mitumbwi ingekuwa mingi mno, utatimiza lengo huku moshi ukizidi.

Ya pili ni kushuka kutoka kiasi kilichopimwa. Andika lita za mafuta ya taa ya karabai na petroli ya injini kila usiku, mwaka mzima. Mwezi mmoja hautoshi, maana dagaa ni wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Lita ya mafuta ya taa hutoa kilo 2.5 hivi za hewa ukaa, ya petroli 2.3. Lita 6 za mafuta ya taa kwa usiku, mara usiku 200, ni tani 3. Ukiweka taa za sola, punguzo linaonekana daftarini mwezi huohuo, mradi betri zichajiwe na jua, si jenereta (ujanja huu upo). Kwa lengo la haraka, hii ya pili ndiyo yenye meno.