GPL 2 au GPL 3?

GPL ni leseni ya programu huria, na matoleo yake haya mawili yana sharti moja la msingi: ukisambaza programu iliyotokana na msimbo wenye leseni hii, nawe utoe msimbo chanzo chini ya leseni ileile. Ugomvi huanza pale unapotaka kuzichanganya. GPL 2 ya mwaka 1991 inakataza kuongezewa masharti, na GPL 3 ya 2007 imekuja na masharti mapya. Ndiyo maana msimbo wa "GPL 2 pekee" hauwezi kuunganishwa na wa GPL 3 katika programu moja ya kusambazwa. Kinachookoa ni maneno machache tu katika tamko la leseni la msimbo wa GPL 2: "au toleo lolote la baadaye". Keneli ya Linux (kiini cha mfumo huo endeshi), kwa ujumla wake, haina maneno hayo.

GPL 3 inapokea msimbo wa Apache 2.0, leseni nyingine huria (njia ni ya upande mmoja, kazi nzima hubaki GPL 3). GPL 2 haiwezi, kwa sababu ya vipengele vya Apache 2.0 kuhusu hataza (haki za uvumbuzi). Kwa mradi mpya ningechukua 3, isipokuwa kama unategemea msimbo wa 2 pekee.